Ubaguzi wa Rangi katika Shule za Arusha na Meru: Tulichokifuta na Tulichokiacha

Wapo watu wanaosema kwamba suala la ubaguzi wa rangi katika elimu ya nchi yetu lilikwisha mwaka 1961, na kwamba kulizungumza leo ni kufukua makaburi. Wapo wengine, na katika mji wa Arusha hawakosekani, wanaosema kwamba shule zilikuwa nzuri zilipokuwa za wachache, na kwamba ziliharibika zilipofunguliwa kwa wote. Makundi haya mawili yanaonekana kupingana. Lakini ukiyachunguza utaona yanakubaliana katika jambo moja la msingi. Yote mawili yanadhani kwamba ubaguzi wa shuleni ulikuwa jambo la rangi ya ngozi tu: rangi ikifutwa, ubaguzi umekwisha, anayelalamika baada ya hapo ama ana chuki ama hajui kusoma nyakati.

Makala haya yana shabaha ya kuyahakiki mawazo hayo kwa kutumia mfano wa Arusha na nchi inayouzunguka mlima Meru. Arusha imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni moja ya sehemu za Tanganyika walikokaa walowezi wengi wa Kizungu, na ndiko serikali ya kikoloni ilikofungua shule ya bweni ya watoto wao. Pili, ni mahali lilipozaliwa Azimio la Arusha, ambalo lilibadili maana ya neno usawa katika nchi yetu. Tatu, leo Arusha ni mji wenye shule nyingi za kulipia, na mtu anayetaka kuona matabaka ya elimu kwa macho yake hana haja ya kusafiri mbali. Asimame barabarani alfajiri ahesabu watoto wanaopanda mabasi ya shule na watoto wanaokwenda kwa miguu.

SHULE NA ARDHI

Ubaguzi katika shule za Arusha haukuanzia darasani. Ulianzia shambani. Tangu wakati wa Wajerumani, na baadaye Waingereza, ardhi nzuri ya chini ya mlima Meru ilikatwa na kugawiwa walowezi, hata Wameru na Waarusha wakajikuta wamezungukwa na mashamba ya wageni kama watu waliofungwa kwa pete ya chuma. Juu kulikuwa na msitu wa serikali, chini kulikuwa na mlowezi, na katikati wananchi walibanana katika vihamba vyao.

Mwaka 1947 ilitolewa ripoti ya Tume ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi ya Arusha na Moshi. Fikra iliyoiongoza ripoti ile ilikuwa kupanga ardhi kwa rangi: eneo la Wazungu liwe la Wazungu mfululizo, bila Waafrika katikati. Kwa kutekeleza fikra hiyo, mwezi Novemba 1951 serikali iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki. Nyumba zao zilichomwa moto. Chama cha Raia wa Meru kilichanga fedha, na mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York kuwatetea wenzake. Hiyo ni historia ambayo kila mwanafunzi wa siasa ya nchi yetu anaijua.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba fikra ile ile ndiyo iliyopanga shule. Elimu ya Tanganyika ilikatwa mapande matatu: elimu ya Wazungu, elimu ya Wahindi na elimu ya Waafrika. Kila pande lilikuwa na shule zake, mtaala wake, walimu wake na fedha zake. Hata namna ya kutoza kodi na ada ilifuata rangi, ili fedha ya mlowezi imsomeshe mtoto wa mlowezi, na mtu asiulize jasho la nani ndilo lililotoa fedha hiyo katika shamba la kahawa au la mkonge.

Shule ya Arusha ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Ilijengwa karibu na mto Themi, upande wa mji waliokaa maofisa. Ilikuwa na mabweni na viwanja, na masomo yake yalimtayarisha mtoto kuendelea na shule ya sekondari Kenya au Uingereza. Mtoto wa Kihindi alikuwa na shule nyingine katika mji huo huo, zilizojengwa kwa michango ya jumuiya zake na ruzuku ya serikali. Mtoto wa Kiafrika aliyekaa Kaloleni au Ngarenaro, au juu mlimani Nkoaranga na Ilboru, alitegemea zaidi shule za misheni na chache za serikali za mitaa. Wengi hawakuingia shule yoyote. Miongoni mwa walioingia, wengi walikomea darasa la nne, kwa sababu mtihani wa darasa hilo ulikuwa mlango mwembamba kwa makusudi. Mkoloni alihitaji makarani wachache na vibarua wengi, na shule zake zilitoa hesabu hiyo kamili.

Wapo watakaosema: mkoloni hakuwa na fedha. Na tutazame Tengeru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia mwaka 1942, Waingereza waliweka pale kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopoteza kila kitu. Kwa muda mfupi kambi ile ilikuwa na shule za msingi, sekondari na za ufundi. Hatuwalaumu Wapolandi. Walikuwa watu walioteswa, na ni haki ya kila mtoto mkimbizi kusoma. Lakini mfano wao unabomoa udhuru wa wakati ule. Palipokuwa na nia, na palipokuwa na watu wa kuwadai wakubwa wafanye hivyo, shule ziliota chini ya mlima Meru kama uyoga. Mameru aliyekuwa jirani wa kambi alikuwa analipa kodi muda wote huo, na aliambiwa angoje.

Kwa hiyo shule ya ubaguzi ilikuwa sehemu ya uchumi wa ubaguzi. Kazi yake ilikuwa kumzaa tena mlowezi kama mlowezi, mfanyabiashara kama mfanyabiashara, na kibarua kama kibarua. Rangi ilikuwa alama ya kuwatambua kwa haraka. Mtu asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa yaliyofuata baada ya Uhuru.

SHERIA YA 1961 ILIFANYA NINI

Serikali ya TANU haikungoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika mwaka 1962, ilifuta mgawanyo wa shule kwa rangi na kuweka mfumo mmoja wa taifa. Tangu hapo hakuna shule iliyoweza kumkataa mtoto kwa sababu ya rangi yake au dini yake. Hili ni jambo kubwa, na wanaolidharau leo hawajui uzito wa aibu iliyoondolewa. Mzazi wa Kiafrika ambaye jana alipita mbele ya lango la shule kama mtunza bustani, leo alikuwa na haki ya kuingia na kuuliza nafasi ya mwanawe. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, alilitaja jambo hili kuwa la kwanza kati ya mabadiliko makubwa yaliyofanywa katika elimu tangu Uhuru.

Lakini haki ya kuuliza nafasi ni jambo moja, na kuipata ni jambo lingine. Tuangalie vizingiti vilivyobaki.

Kizingiti cha kwanza kilikuwa ada. Gharama za shule zilizokuwa za Wazungu zilipangwa kwa mfuko wa ofisa na mlowezi. Sheria iliyofuta rangi haikumpa mkulima wa Poli mfuko huo.

Kizingiti cha pili kilikuwa lugha. Shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mtoto aliyetaka kuingia ilimpasa aweze kufuata masomo kwa lugha hiyo. Nyumba gani ya Kiafrika mwaka 1962 ilikuwa na mtoto wa miaka saba anayejua Kiingereza? Ni nyumba ya ofisa mpya wa serikali, au ya mtu aliyepata kusoma Makerere au Ulaya.

Kizingiti cha tatu kilikuwa uchache. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, watoto 490,000 tu ndio waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima. Katika shule za sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176. Hata kama kila shule ya zamani ya Wazungu na Wahindi ingejazwa watoto wa Kiafrika peke yao, isingetosha.

Matokeo yake ni dhahiri. Waliopita mlango ule kwanza ni watoto wa waliokwisha kupita milango mingine. Maofisa wa Kizungu waliondoka katika nyumba za Themi, maofisa wa Kiafrika wakaingia. Watoto wa Kizungu waliondoka katika madawati, watoto wa maofisa wa Kiafrika wakakaa. Bweni lilibaki, ada ilibaki, lugha ilibaki, na umbali kati ya shule ile na kijiji cha mlimani ulibaki ule ule. Hatusemi kwamba watoto wale walikosea kusoma. Tunasema kwamba ngazi haikubomolewa. Ilipandwa na watu wapya.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Katika Kenya, shule za Prince of Wales na Duke of York za Nairobi zilibadilishwa majina zikawa Nairobi School na Lenana School. Rangi za wanafunzi zilibadilika, lakini zilibaki shule za wakubwa. Katika Marekani, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1954 kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, na mwaka 1957 ilibidi askari wa jeshi wapelekwe Little Rock kuwalinda wanafunzi tisa Weusi wasipigwe. Baada ya hapo, katika majimbo ya kusini, shule nyingi za Weusi zilifungwa na walimu wengi Weusi wakapoteza kazi. Na Wazungu wenye uwezo wakahamia vitongoji vya mbali ambako shule ziligawanyika upya kwa thamani ya nyumba. Somo ni moja. Ukifuta ubaguzi katika maandishi na kuuacha katika uchumi, utarudi kwa jina jingine.

HOJA YA "KIWANGO"

Sasa tuje kwa wale wanaosema kwamba shule ziliharibika zilipofunguliwa. Hoja yao inasikika sana, na imevaa nguo safi ya neno moja: kiwango. Lazima tuwaulize, kiwango cha nini?

Kama kiwango ni idadi ya walimu kwa wanafunzi, vitabu, maji na mabweni, basi kiwango cha zamani kilikuwa juu kwa sababu moja tu: fedha ya wengi ilitumika kwa wachache. Huwezi kuchukua chakula cha watu mia ukawapa watu watano, kisha ukawasifu watano wale kwa unene. Walipokuja wale tisini na tano wengine kudai sehemu yao, sahani ilionekana ndogo. Haikupungua kwa kuwa wao ni wachafu au wajinga. Ilikuwa ndogo tangu mwanzo, ila ilikuwa imefichwa.

Kama kiwango ni kumwezesha kijana kuitumikia jamii yake, basi shule ya zamani ya Wazungu ilikuwa na kiwango cha chini kabisa, kwa sababu haikukusudia kabisa kuihudumia Tanganyika. Ilimtayarisha mtoto kuondoka.

Hata hivyo hatuna budi kuwa wakweli. Hoja ya kiwango ina chembe ya haki ndani yake, na chembe hiyo tukiikanyaga itatuchoma. Shule zikifunguliwa kwa wote bila walimu wa kutosha, watoto wa wakulima ndio wanaoumia kwanza, maana mwenye fedha atakwenda kwingine. Kwa hiyo jibu la mwanamapinduzi kwa hoja ya kiwango haliwezi kuwa dharau. Jibu lake ni kudai kiwango kwa wote.

KUTOKA MLIMANI HADI KALOLENI

Mfano mwingine tuutazame katika vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 ndani ya jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba. Hakikurithi chuo cha Wazungu. Kilianza bila rangi, katika nyumba ya Chama, kwa fedha ya umma. Kama ubaguzi ungekuwa ni rangi tu, basi hapo ndipo usawa ungestawi bila kikwazo.

Kumbe miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walidai kwamba hali yao ingekuwa mbaya kuliko wakati wa mkoloni. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao. Vijana wale hawakuwa walowezi. Walikuwa watoto wa wakulima, waliosomeshwa na wakulima, nao walikwisha kujiona tabaka la pekee katika muda mfupi wa masomo yao. Shule isiyo na rangi ilikuwa imewafundisha ubwana.

Tukio lile lilionyesha jambo ambalo sheria ya 1961 haikuweza kulionyesha. Ilipita kama miezi mitatu tu kabla Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU kukutana Arusha, mwishoni mwa Januari 1967, katika jumba la Kaloleni. Kutoka Kaloleni hadi mto Themi ni mwendo wa miguu. Katika upande mmoja wa mji kulikuwa na shule iliyojengwa kutenga watu. Katika upande mwingine, kwenye mtaa waliopangiwa Waafrika, ndipo Chama kilipoamua kwamba adui ni unyonyaji wenyewe, hata kama mnyonyaji ana rangi yetu. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari, na mwezi uliofuata ikaja Elimu ya Kujitegemea.

Hatua zilizofuata ndizo zilizogusa mizizi. Ada za sekondari katika shule za serikali zilikuwa zimekwisha kuondolewa miaka ya 1960, na za msingi zikaondolewa mwaka 1973. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za kawaida. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilizichukua shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku; Ilboru, iliyoanzishwa na Walutheri, ikawa shule ya mtoto wa dini yoyote kutoka mkoa wowote. Mwezi Novemba 1974 Chama kiliamua Musoma kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote itimizwe mwisho wa mwaka 1977. Katika miaka ile mtoto wa Mmeru, wa Mmaasai, wa Mhindi wa dukani na wa karani walikaa katika dawati moja, wakasoma kwa lugha moja, wakashika jembe moja katika shamba la shule. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, usawa wa shuleni ulikuwa kitu cha kuonekana kwa macho.

TUJIKOSOE

Chama kinachoogopa kujikosoa kinakufa kikiwa kinatembea. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitufundisha hivyo, na hatuwezi kuwahakiki wengine tukajiacha sisi. Yapo makosa manne ambayo lazima tuyataje.

Kosa la kwanza ni kwamba tuliacha mlango wa nyuma. Shule chache ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na Shule ya Arusha ilikuwa mojawapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa na maana: Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967, na watumishi kutoka Kenya na Uganda walihitaji shule kwa watoto wao. Lakini Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mlango haukufungwa. Uliendelea kuwakumbusha wazazi wenye nafasi kwamba ile lugha ya zamani ya upande wa Themi bado ndiyo ufunguo.

Kosa la pili ni kwamba tuliongeza shule za msingi kwa haraka bila kuongeza sekondari. Nafasi za kidato cha kwanza zilibaki chache mno. Palipo na njaa ya nafasi, mwenye nguvu hula kwanza. Wazazi wa Meru na Kilimanjaro, ambao kahawa na misheni viliwatangulizia elimu, walijenga sekondari zao za kulipia, wakati mfugaji wa Monduli na Longido alibaki nyuma. Serikali ilijaribu kurekebisha kwa kugawa nafasi kwa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema, lakini kugawa uchache hakuondoi uchache. Na lazima tukiri kwamba hata Jumuiya yetu wenyewe ya Wazazi iliingia katika kuendesha sekondari za kulipia, badala ya kudai kwa nguvu sekondari za umma. Ziliwasaidia wengi waliokosa nafasi. Lakini zilituzoesha fikra kwamba elimu baada ya darasa la saba ni bidhaa.

Kosa la tatu ni la lugha. Tulimfundisha mtoto miaka saba kwa Kiswahili, kisha tukamwingiza kidato cha kwanza ambako kila somo ni kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Kwa uamuzi huo, au kwa kutokuamua huko, tulikirudisha kile kizingiti cha mwaka 1962. Mtoto aliyesikia Kiingereza nyumbani au aliyenunuliwa Kiingereza kwa ada anavuka. Mtoto wa mkulima anakaa kimya darasani, na ukimya wake tunauita ujinga.

Kosa la nne ni la viongozi. Baada ya maamuzi ya Zanzibar ya 1991, yaliyolegeza masharti ya uongozi, na baada ya milango ya shule za watu binafsi kufunguliwa kwa upana katika miaka ya 1990, kiongozi aliweza kusimamia shule ambayo asingediriki kumpeleka mwanawe. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linaharibu macho ya anayepaswa kuona makosa mengine.

HALI YA LEO

Hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada katika shule za umma. Sekondari za kata zimejengwa hata katika vijiji ambavyo zamani havikuwa na shule ya kati. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi. Tengeru, palipokuwa kambi ya Wapolandi na mashamba ya walowezi, leo pana vyuo vya kilimo na mifugo, na jirani yake Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia iliyopewa jina la Nelson Mandela. Nchi iliyowapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule yao ya Solomon Mahlangu tangu mwaka 1978, ina haki ya kulitumia jina hilo.

Lakini jina ni deni. Tuangalie mji wa Arusha ulivyo. Ipo shule ya kimataifa ambayo ada yake ya mwaka inapita mapato ya miaka mingi ya mkulima mdogo. Zipo shule za msingi za Kiingereza za watu wa kati. Zipo shule za umma, ambazo wananchi wenyewe wamezipa jina la kayumba, jina la dharau waliloliokota katika dharau waliyoonyeshwa. Ukizitazama unaona mapande matatu. Zamani mapande matatu yaliitwa Mzungu, Mhindi na Mwafrika. Leo hayana jina la rangi, na katika pande la juu wapo Waafrika wengi. Mlinzi wa lango haulizi rangi. Anauliza risiti.

Na tazama jinsi mduara unavyorudi shambani. Wapo wazazi juu mlimani waliomega kihamba na kukiuza ili mtoto apate ada ya shule ya Kiingereza. Mzazi huyo si mjinga. Anaona kwa macho yake nani anapata kazi na nani anabaki. Lakini fikiria maana yake, ndugu msomaji. Ardhi ambayo baba zake walichanga senti za kahawa ili ikatetewe New York, yeye anaiuza kipande kipande ili mwanawe avuke kizingiti ambacho taifa lilisema limekiondoa mwaka 1961. Mlowezi alihitaji askari na moto kuichukua Engare Nanyuki. Soko la elimu halihitaji askari.

WAJIBU WETU

Yafuatayo ndiyo tunayopaswa kuyafanya, kama usawa ni imani yetu na si wimbo.

Kwanza, historia ya ubaguzi wa shule ifundishwe pamoja na historia ya ardhi na ya uchumi. Mtoto wa Arusha ajue shule ya Themi ilijengwa kwa ajili ya nani na kwa jasho la nani, ili atakapoona ubaguzi uliovaa nguo nyingine autambue.

Pili, suala la lugha liamuliwe. Ama Kiswahili kiendelee kufundishia hadi juu, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo kwa kila mtoto. Ama tueleze kwa ukweli kwa nini tunakubali mtihani wa lugha uwe mtihani wa tabaka. Msimamo wa makala haya ni njia ya kwanza.

Tatu, walimu. Shule ya kata bila mwalimu wa hisabati na sayansi ni jengo. Fedha ya umma iende kwanza kule ambako mzazi hana pa kukimbilia.

Nne, viongozi wa Chama na Serikali wawapeleke watoto wao katika shule za umma. Hakuna tume, wala ripoti, wala mkaguzi atakayerekebisha shule hizo kwa haraka kama mzazi mwenye madaraka ambaye mwanawe anakaa chini kwa kukosa dawati.

Wale wanaosema kazi ilikwisha mwaka 1961 wanawaheshimu wazee wetu kwa maneno tu. Wazee wale waliifanya sehemu yao: walifuta rangi. Hawakutuambia kwamba tukae juu ya ngazi waliyoiacha na kuvuta kamba wengine wasipande. Sehemu iliyobaki ni yetu, na kipimo chake ni rahisi. Itakapofika siku ambayo mtoto wa mkulima wa Nkoaranga na mtoto wa mkurugenzi wa mjini wanasoma shule moja kwa sababu ni nzuri na iko karibu, na hakuna aliyeuza shamba ili kufika hapo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba ubaguzi katika shule za Arusha umekwisha.